Ua Usio na Ua

"Ua yangu usiiguse mpaka nifike," mume wangu alimwambia mtu kwenye simu, kwa sauti ya chini ambayo sikuwa nimeisikia tangu tukiwa wachumba.

Ilikuwa Jumapili, tumetoka kanisani, nami nilikuwa jikoni nikikata sukuma wiki. Yeye alikuwa nje kwenye veranda, katika lile jua la Juni la Johannesburg ambalo huangaza bila kupasha. Mlango ulikuwa wazi. "Hapana," akasema tena, "wacha tu vile iko. Nataka kuiona mimi wa kwanza." Kisha akacheka, kicheko cha mtu aliyeridhika na maisha yake.

Shida yangu ilikuwa ngeli. Mimi ni mtu wa Frere Town, Mombasa. Kwetu tu Wakristo tangu enzi za mababu, na Kiswahili hatukujifunza shuleni, tulikinyonya. Ua likiwa la kunusa ni ua langu, na yakiwa mengi ni maua. Ua ukiwa wa nyumba, ile nafasi ya wazi iliyozungukwa na vyumba, ni ua wangu. Mtoto mdogo wa kwetu hakosei. Mume wangu ni mtu wa Machakos, na kwake kila kitu chini ya mbingu ni yangu: kitabu yangu, mkono yangu, ua yangu. Nimemsahihisha tangu siku ya kwanza, naye hunijibu, "Sawa, mwalimu," kisha anaendelea vile vile. Jumapili ile nilijuta kwamba sikumpiga fimbo. Nilisimama na kisu mkononi, na sikuwa na njia yoyote ya kujua kama anazungumzia ua wa nyumba au ua la moyo.

Watu wa kwetu hutofautisha wivu na kijicho. Wivu ni wa kilicho chako: mwanamke humwonea wivu mumewe, na hata Mungu wa Agano la Kale anajiita mwenye wivu, hivyo una heshima yake. Kijicho ni cha kilicho cha mwenzio, na hakina heshima yoyote. Miaka ile ya Johannesburg nilikuwa navyo vyote viwili, na sikujua kimoja kinaishia wapi ili kingine kianze.

Tulihamia huko mwaka 2015. Yeye alipata kazi katika ofisi ndogo ya wasanifu majengo Doornfontein, ghorofani, juu ya karakana ya kushona viti vya magari. Mimi nikapata kufundisha jiografia sekondari, na tukapanga nyumba mtaa wa Kensington. Ilikuwa nyumba ya zamani ya matofali, dari juu kabisa, yenye sura nzuri ukiitazama kutoka barabarani. Ndani, msimu wa baridi, ilikuwa friji. Sakafu ya mbao ilikuwa na nyufa, upepo ukiingilia chini na kutupanda miguuni. Nilisahihisha mitihani nimevaa soksi juu ya soksi, hita ya gesi ikinichoma goti moja na kulisahau la pili. Nimeolewa na mtu ambaye kazi yake ni nyumba, nami natetemeka kwenye nyumba ya kupanga. Mganga hajigangi, walisema wahenga, lakini hawakusema mke wa mganga afanye nini.

Nilivumilia kwa sababu nilikuwa na ahadi. Tulipokuwa wachumba Nairobi, wanaume wengine waliniuliza napenda chakula gani. Huyu aliniuliza ningependa kukaa nyumba ya namna gani. Nikamweleza nyumba ya bibi yangu, mama mzaa mama, na wakati nikieleza yeye akawa anachora kwenye mfuko wa chipsi tuliokuwa tumemaliza kula, akikwepa madoa ya mafuta.

Nyumba ya bibi ilikuwa na vyumba pande tatu na ukuta upande wa nne, na katikati ua. Mchanga wake ulikuwa mweupe, ukifagiwa kila asubuhi mpaka ukabaki na mistari ya ufagio. Kuuzunguka, chini ya upenu, kulikuwa na baraza la ndani, la kimo cha kumfanya mtu mzima akae miguu ikining'inia kidogo. Viatu uliviacha chini. Mule uani hamkuwa na mti wala mche. Jirani akiuliza kwa nini asipande hata mwaridi mmoja, bibi alijibu, "Ua ni wa watu. Maua yakae nje." Na ukutani, pembeni mwa mlango wa chumba chake, palikuwa na kidaka, kishimo cha mraba ambacho fundi alikiacha wakati wa kujenga. Humo ndimo bibi alimoweka miwani na kitabu chake cha nyimbo. Akimaliza kusoma, mkono ulikwenda kidakani wenyewe, bila yeye kugeuza shingo.

"Hiyo nitakujengea," mume wangu alisema, akakunja mfuko wa chipsi akautia mfukoni. Mwanamume anayekuahidi gari utamsahau. Anayekuahidi nyumba ya bibi yako utamfuata hadi Johannesburg.

Mteja alikuja mwaka wetu wa pili. Alikuwa mwanamke wa Kikorea, muuzaji wa vyerehani na vipuri vyake, na mafundi cherehani wengi wa mjini walimjua. Alikuwa amenunua nyumba mlimani, mtaa wa Observatory, ya matofali kama yetu ila kubwa zaidi, akitaka kuishi na mama yake ambaye bado alikuwa Korea. Mama huyo alikulia katika nyumba ya jadi ya kwao, ya mbao na udongo, yenye sakafu inayopashwa moto kutoka chini. Uzeeni akawekwa kwenye fleti ya ghorofa za juu, akachukia. Sasa binti alitaka nyumba itakayomkumbusha mama kwao bila kujifanya ni ya kale. Ile ya matofali ibaki mbele kama ilivyo, nyuma yake kijengwe kipande kipya cha chuma, vioo na mbao, na kati ya viwili hivyo pawe na uwazi.

Nilimwona mara moja, alipokuja kuchukua michoro kwetu. Nywele fupi, viatu vya bei, mikono ya mtu aliyezoea mafuta ya mashine. Alinipa mfuko wa peasi kwa mikono miwili huku ameinamisha kichwa, kwa adabu ambayo mashangazi zangu wangeipenda. Nilimtafuta kasoro nikaikosa, na hilo liliniudhi zaidi kuliko kama ningeipata.

Mume wangu akabadilika. Alizoea kurudi nyumbani akilalamikia vibali na wakandarasi, sasa akawa anarudi na maneno. "Madang," alisema akivua koti, polepole, kama mtu anayeonja mchuzi. Ndio uwanja wa katikati ya nyumba, akanieleza, na huachwa mtupu kwa makusudi, ili mwanga udunde kutoka ardhini uingie vyumbani chini ya upenu. Siku mbili baadaye ikawa "maru", sakafu ya mbao iliyoinuliwa, mtu hukaa ukingoni na kutazama nje. Halafu "ondol", moto wa chini ya sakafu. Zamani moshi wa jikoni ulipitishwa kwenye mifereji ya mawe, yeye angepitisha maji ya moto kwenye mabomba, yakipashwa na jua juu ya paa. "Mtaka cha mvunguni sharti ainame," aliwaambia mafundi wake walipolalamika migongo, nao wakacheka, naye akaja kunisimulia kwamba walicheka.

Kilichonichoma ni matamshi. Alimpigia simu yule mteja kuuliza kama amesema sawasawa, akarudia, akasahihishwa, akarudia tena. Mtu ambaye miaka yote nimeshindwa kumfundisha kusema "mkono wangu" alijifunza Kikorea kwa unyenyekevu wa mwanafunzi wa darasa la kwanza. Nikamwambia, "Kwangu mimi ulimi wako mzito, kwa wengine mwepesi." Akadhani namtania.

Hata jua la nyumba ile nililitoa mimi. Bibi mzee, mama wa mteja, alisema kutoka Korea kwamba vyumba vya maana vifunguke kusini, kama nyumba yoyote ya watu wenye akili. Binti hakuweza kumbishia mama yake. Mume wangu akaja kwangu akikuna kichwa. "Mwalimu, nieleze hii kitu ya jua." Sisi wawili tumezaliwa karibu na Ikweta, kwetu jua hupita utosini na halina upande. Basi nikachukua chungwa na tochi, nikamwonyesha mezani: Korea iko huku juu, jua la baridi huwapitia kusini. Johannesburg iko huku chini, hutupitia kaskazini. Ukigeuza nyumba ile ya kwao juu chini, inakaa sawa. Upenu uwe na urefu wa kulizuia jua la kiangazi lililo juu, na kuliruhusu la baridi, lililoinama, liingie mpaka ukutani. Akanirekodi kwa simu, mikono yangu na chungwa langu, akampelekea bibi mzee. Mzee akakubali. Siku ile nilifurahi, tena nikala lile chungwa.

Sasa turudi Jumapili ya simu. Sikumwuliza kitu. Nilipika, tukala, nikamtazama anavyotafuna. Usiulize jambo ambalo unaweza kwenda kuliona, mama yangu hunena hivyo, na Jumamosi iliyofuata, mume wangu alipokwenda Pretoria na bosi wake kutazama kiwanja, mimi nilivaa viatu vya kutembelea. Nikashuka kutoka Kensington hadi bondeni, nikapita maduka na makanisa ya kwenye magereji, kisha nikapanda upande wa pili kwenda Observatory. Njia nzima nilikuwa napanga maneno. Kama ni yule mama mwenye peasi, nilikuwa na sentensi zangu tayari, na zote zilikuwa na ngeli sahihi.

Geti lilifunguliwa na seremala, Mkongo wa Lubumbashi, mtu wa makamo mwenye penseli sikioni. Nilimfahamu, mkewe alikuwa akinisuka.

"Mama! Karibu sana. Muzee hayuko, alienda Pretoria."

"Najua. Nimekuja kuona ua."

Niliangalia uso wake niliposema hivyo. Hakushtuka hata kidogo. "Ua? Njo ile, mama, pita tu. Kila mutu anataka kuona ua. Mimi Sunday nilitaka kumwanga changarawe, muzee akanikatalia ku simu. Anasema, ua yangu usiiguse mpaka nifike. Eish, ule muzee! Ni kama iko bibi yake."

Bibi yake. Kwao na kwa Machakos bibi ni mke. Nikacheka kwa sauti, hata akashangaa. Wivu wote niliopanda nao mlima ule uliniishia miguuni, nikaona aibu ya viatu vyangu vya vumbi. Mume wangu hakuwa na mwanamke. Alikuwa na uwanja. Nikampita seremala, aliyekuwa bado ananionyesha milango yake ya papi nyembamba za mbao zilizopishana, iliyowambwa karatasi nyeupe, na karatasi yenyewe imebanwa kati ya vioo viwili vigumu. "Mulango ya karatasi mu Joburg!" alikuwa akisema nyuma yangu. "Mwizi atapita na kidole tu, ndiyo maana tukaweka vioo." Nikavuka kizingiti cha nyumba ya matofali, nikatokea nyuma.

Ulikuwa ua usio na ua hata moja. Ardhi tupu iliyosawazishwa, ikingoja changarawe nyeupe. Upande mmoja ukuta wa matofali ya kizamani, pande nyingine nguzo nyembamba za chuma na paa la bati jeusi lenye upenu mrefu, uliopinda kidogo mwishoni. Chini ya upenu, kuzunguka pande zote, sakafu ya mbao za mkaratusi iliyoinuliwa. Nilisogea nikakaa ukingoni. Miguu yangu ikaning'inia kidogo.

Kicheko kilinikauka. Nilijua kimo kile. Nilikijua kwa nyuma ya magoti yangu kabla sijakijua kwa kichwa. Nikatazama kulia, kwenye ukuta wa chumba ambacho seremala alisema kitakuwa cha bibi mzee, na pembeni mwa mlango, kwenye plasta mbichi, palikuwa na kidaka.

Afadhali angekuwa mwanamke. Nasema hivi nikiwa na akili zangu. Mwanamke ningemtukana, ningemlilia mchungaji, ningewapigia wazee Machakos wakae kikao, na mwisho wake angekwenda zake au ningekwenda zangu. Ua ule haungekwenda popote. Ulikuwa umefungwa kwa nati na zege katika mlima wa Observatory, ulikuwa mzuri kupita nilivyoueleza, na haukuwa wangu. Ule wivu wa mke ulioisha mlangoni ulirudi na ndugu yake, kijicho, wakanikalia mabegani. Seremala akaniuliza kama nataka maji. Nikamwambia nimeshiba.

Mume wangu aliporudi jioni nilikuwa namngoja mezani.

"Umeniibia," nikamwambia.

"Nimekuibia nini?"

"Ua wa bibi."

Alielewa nimetoka wapi. Akakaa, funguo za gari bado mkononi. "Ile ni madang. Ni ya kwao tangu zamani. Kukaa ukingoni, kuvua viatu, upenu, hiyo yote wako nayo. Mimi nilikuta tu zinafanana. Si mimi nilifanya bibi yako na Wakorea wafikirie kitu moja."

Alisema kweli, na ukweli wake uliniongezea hasira. Bibi yangu hakumiliki mchanga mtupu. Dunia ina vibibi wengi wanaofagia.

"Na kidaka?" nikauliza. "Wakorea wana kidaka?"

Akaziweka funguo mezani taratibu.

"Hawana," akasema. "Hiyo niliweka mimi."

"Kwa nini?"

"Ukuta ilikuwa tupu pale. Nikafikiria wewe vile uliniambia ya miwani. Mkono yangu ikachora tu."

"Basi mimi je? Ukinifikiria mimi, wanajengewa wengine?"

"Kiwanja tuko nayo wapi?" Sauti yake ilipanda. "Yeye alikuja na kiwanja, alikuja na nyumba, alikuja akiwa tayari. Nitajenga wapi, hewani? Hii ndiyo mara ya kwanza nimeweza kuijenga, mwalimu. Nilitaka kuona kama inasimama."

"Umeona?"

"Nimeona."

"Inasimama?"

"Inasimama," akasema, na uso wake ukajaa furaha ambayo alijaribu kuificha akashindwa. Nilimwonea wivu hata furaha hiyo. Yeye alikuwa ameuona ua wa bibi umesimama, alikuwa ameukanyaga akiwa mwenyeji, angalau mpaka funguo zikabidhiwe. Mimi niliuingia kama mpelelezi.

Hatukugombana tena baada ya hapo. Tulipitana. Alijaribu kunifurahisha kwa kuziba nyufa za sakafu yetu, akipiga magoti mwisho wa juma na gundi na vumbi la mbao, nami nilimruka nikienda jikoni. Nilikuwa na tumaini moja ambalo sikumwambia. Nyumba ya Frere Town bado ilikuwepo. Bibi alishafariki zamani, mlikuwa mnakaa wapangaji, lakini ukuta ulikuwepo na ua ulikuwepo. Nilijiambia siku moja tutarudi, nitainunua kwa mjomba aliyeirithi, nitafagia, na huyo mama wa vyerehani akae na nakala yake. Mwenye asili hamwonei kijicho mwenye nakala. Hicho ndicho kilichonilaza usingizi.

Mwanzoni mwa 2019 mama alinipigia nikiwa shuleni, wakati wa mapumziko. Mjomba alikuwa ameuza. Mnunuzi hakutaka nyumba, alitaka kiwanja, na tingatinga lilikuwa limekwisha kupita. Mama alinitumia picha. Nilisimama kwenye uwanja wa michezo, watoto wakinipiga vikumbo, nikaikuza picha ile kwa vidole nikitafuta ukuta wa chumba cha bibi. Kulikuwa na shimo refu la msingi na nondo zimesimama. Huwezi kubomoa ukuta ukaokoa kidaka, maana kidaka si kitu, ni nafasi tu.

Nilimwonyesha mume wangu picha. Aliitazama, akaikuza kwa vidole kama nilivyofanya mimi, akanirudishia simu.

"Sasa kimebaki kimoja tu duniani," nikamwambia. "Na unajua kiko kwa nani."

Nyumba ya Observatory ilikamilika kabla ya baridi ya mwaka huo, na baridi ilipoingia yule mama wa vyerehani akatualika siku ya Jumamosi adhuhuri, akisisitiza mimi nije, mwalimu wa chungwa. Ndivyo walivyokuwa wakiniita katika nyumba hiyo, kumbe. Nilitaka kukataa. Nilitafuta ugonjwa nikaukosa, kama nilivyoikosa kasoro ya mwenye nyumba. Nikavaa koti langu zuri, nikaenda.

Tuliacha viatu mlangoni. Ndani, sakafu ilikuwa ya moto. Naieleza kwa chuki lakini naieleza kwa ukweli: moto ule ulipanda kupitia soksi hadi kwenye mifupa, na nilisimama pale nikijua kwamba Kensington sakafu yangu ilikuwa inaningoja na gundi yake. Wageni wengine walikuwa wachache, majirani wawili watatu, wote wameinama kugusa sakafu kwa viganja. Mume wangu alikuwa anaelezea mabomba. Niliwaacha, nikasukuma mlango wa karatasi, nikatoka uani.

Changarawe nyeupe ilikuwa imemwagwa na kuchanwa mistari. Maua ya bustani, michungwa ya kwenye vyungu, mimea ya watu wa mlimani, vyote vilikuwa nje ya ukuta. Ndani hapakuwa na kitu, na mwanga ulijaa. Jua la baridi lilikuwa limeinama kaskazini, likapita chini ya upenu mpaka ukutani, pale pale nilipolielekeza kwa tochi, na mbao za ukingoni zilikuwa na vuguvugu.

Bibi mzee, ambaye sasa alikuwa ameletwa kutoka Korea, alikuwa amekaa hapo peke yake. Mdogo wa umbo, koti la pamba, miguu ikining'inia. Alikuwa na kitabu mapajani, kidogo, chenye jalada jeusi lililochakaa kingo. Hakuniona. Alisoma huku midomo ikimcheza, kisha akakifunga, akavua miwani. Mkono wake ukaenda ukutani wenyewe, bila yeye kugeuza shingo, ukaiweka miwani kidakani, na kitabu juu yake.

Nilishika nguzo ya chuma. Nilihisi mume wangu amekuja kusimama nyuma yangu, nikajua naye ameona. Akainama sikioni mwangu.

"Huu ndio ua wako," akasema.

Huu. Wako. Miaka yote ya ndoa, hatimaye alipatia ngeli, akakosea mwenye ua.

Bibi mzee akasikia sauti, akageuka. Alinitazama, akatazama mikono yangu, akaitambua. Akaonyesha kwa vidole umbo la mviringo, chungwa, akacheka bila meno mengi. Kisha akasogea kidogo ukingoni, akapiga mbao mara mbili kwa kiganja mahali penye jua, na kwa uangalifu wa mtu aliyefundishwa na mwanafunzi mwema, akatamka neno ambalo mume wangu alikuwa amempa.

"Kalibu."

Kwetu, apitaye akikaribishwa na hana nia ya kukaa hujibu "starehe" na kuendelea na safari yake. Neno hilo lilinifika mdomoni. Wivu nilikuwa nao vile vile, haukuwa umepungua hata punje, na mama huyu hakuwa na kosa lolote ila kukaa kama bibi yangu mahali pa bibi yangu.

"Kalibu," akasema tena, akinisubiri.

Neno lilikuwa langu, mahali palikuwa pangu, na mgeni nilikuwa mimi. Nikavua koti, nikaketi.